Naombeni ushauri: dola haishikiki, mzigo wa kompyuta hautoki. Nikope, nifunge fremu au nifanyeje?

Dada wa Makumbusho

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Nina fremu ya kompyuta mpakato za mtumba maeneo ya Makumbusho, Dar. Mzigo wangu unatoka Dubai: EliteBook, ThinkPad na Latitude, zile zilizotumika maofisini huko ughaibuni kisha zikauzwa kwa jumla. Wateja wangu ni wanafunzi wa vyuo, walimu, wenye vibanda vya kuchapa na ofisi ndogo ndogo.

Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kwenye 2,330 hivi. Leo, Agosti 2024, imekaribia 2,700, na hata kwa bei hiyo ukiiomba benki unaambiwa usubiri. Anayeniletea mzigo ananipigia hesabu kwa bei yake, juu ya hiyo ya ubaoni. Mashine niliyokuwa nauza laki tatu na nusu sasa nataja laki nne na ushee. Mteja anaifungua, anaiwasha, anagusa vitufe kimoja kimoja, anauliza bei ya mwisho, halafu anaifunga taratibu na kusema "nitarudi dada". Hawarudi. Vyuma vimekaza kwao pia, naelewa.

Sasa niko njia panda. Kuna mkopeshaji yuko tayari kunipa milioni 10 nivute mzigo mkubwa kabla dola haijapanda zaidi. Shangazi ananishauri nifunge, nichukue kilichobaki niweke kwenye hatifungani za serikali nile riba nikiwa nyumbani. Mdogo wangu, ambaye ni fundi na ana meza yake hapo hapo mlangoni, anasema tusiguse kitu, tuvumilie. Nina mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari na mama yupo Korogwe ananitegemea. Nishaurini kama mngemshauri dada yenu wa tumbo moja.

Mpiga Hesabu

Dada, pole sana. Bila namba tutakupa faraja tu, na faraja hailipi kodi. Mashine ngapi ziko dukani, ulizinunua kwa ngapi, kwa mwezi unauza ngapi, pango la fremu ni kiasi gani, nani anakudai na unamdai nani. Na hiyo meza ya mdogo wako inaingiza nini?

Dada wa Makumbusho

Asante mkuu. Mashine zipo 22, wastani nilinunua 380,000. Taslimu nina milioni 3.1. Nadai milioni 2.9, karibu yote ni mali kauli niliyotoa kwa shule moja binafsi na ofisi moja ya ushauri, wananipiga kalenda tangu Aprili. Mimi sidaiwi na mtu. Zamani nilikuwa nauza mashine 18 mpaka 20 kwa mwezi, sasa ni 7 au 8, na kila moja napata kama 60,000. Pango 400,000, nalipa miezi sita kwa mpigo. Umeme, ulinzi, kodi ya TRA na chakula cha hapo dukani kama 200,000.

Meza ya mdogo wangu inaingiza 600,000 hivi kwa mwezi baada ya kutoa spea. Hiyo tunagawana, mimi nachukua nusu.

Mkariakoo

Mimi nasema kopa uvute mzigo. Waliovuta mwaka jana wakati watu wanalalamika dola imefika 2,500 leo wanauza huku wanatabasamu. Pesa ya shilingi ukiikalia inayeyuka. Mzigo hauozi.

Fundi Mkongwe

Mkariakoo, kwa heshima zote, mzigo wa kompyuta unaoza. Hauna harufu tu.

Microsoft imeshatangaza kwamba Windows 10 inakoma kupewa masasisho Oktoba 14, 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Maofisi ya huko nje yanatupa mashine za kizazi cha 6 na 7 kwa mafungu, ndiyo maana unaziona rahisi Dubai. Mwaka mmoja kutoka sasa mwanafunzi akija dukani atauliza kwanza kama inaingia Windows 11. Dada, leo hii tenga hizo 22 mafungu mawili. Za kizazi cha 6 na 7 zitoe kwanza, hata kwa faida ya 20,000, hata kwa bei uliyonunulia. Za kizazi cha 8 na kuendelea shikilia bei.

Halafu soma tena namba zako mwenyewe. Mashine 8 mara 60,000 ni 480,000. Pango na matumizi ni 600,000. Duka la kompyuta linakula hasara ya 120,000 kila mwezi hata ukiwa na mwezi mzuri. Kinacholiweka hai ni nusu yako ya ile meza mlangoni. Kwa hiyo swali la nikope au nifunge mimi naona limekaa pembeni. Biashara inayotembea unayo tayari, ila umeipa meza moja na stuli moja.

Hali ikiwa ngumu mtu hanunui kompyuta mpya, anatengeneza aliyonayo. Nimeliona hilo kipindi cha korona na naliona sasa. Mwenye kibanda cha kuchapa ambaye mashine yake inachukua dakika tano kuwaka, ukimtolea diski ya zamani ukamwekea SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, ya GB 256 na kumwongezea RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, anaondoka anaona amepata mashine mpya, na amelipa robo ya bei ya nyingine. Betri zilizovimba hizi ndizo nyingi: unaona kibodi imeinuka katikati, padi ya kipanya haibofyeki. Mteja anadhani kibodi imeharibika kumbe betri ndiyo inaisukuma kutoka chini, na ni hatari, inaweza kushika moto. Bawaba zilizong'oka, feni zilizojaa vumbi la Dar, tundu la chaji lililolegea. Kazi hizi zote mtaji wake ni bisibisi, kifaa cha joto, ujuzi na kabati dogo la spea.

Mpiga Hesabu

Fundi amemaliza. Naongeza hesabu moja ambayo wafanyabiashara wengi hapa mjini hawaipigi. Mashine ya dola 150 uliyoileta dola ikiwa 2,350 ilikugharimu 352,500. Ukiiuza 420,000 unasema umepata 67,500. Sasa nenda kairudishe kabatini leo kwa dola ya 2,700: ni 405,000. Faida yako halisi ni 15,000, na bado hujalipa pango. Anayekula ile 67,500 yote nyumbani anakula mtaji, na anashangaa kila safari ya mzigo anarudi na mashine chache kuliko safari iliyopita. Bei ya kuuzia ipangwe kwa gharama ya kurudisha mzigo, ile ya zamani iache kwenye daftari.

Kuhusu mkopo: wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, wenye leseni ya Benki Kuu (BoT) ukomo wao wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Chukua hiyo hiyo ya halali, riba isiyopungua hata deni likipungua. Milioni 10 kwa mwaka ni riba 350,000 na mtaji 833,000, rejesho karibu milioni 1.18 kila mwezi. Kwa faida ya 60,000 unahitaji kuuza mashine 20 kila mwezi kumlipa yeye tu, kabla hujaweka mkate mezani. Wewe unauza 8. Na kama huyo mkopeshaji hana leseni, ndiyo kausha damu wenyewe, watakuja kubeba hadi friji. Amekuomba dhamana gani?

Dada wa Makumbusho

Ameomba hati ya nyumba ya marehemu baba.

Mpiga Hesabu

Basi hapo mjadala umeisha dada yangu. Hiyo hati irudishe kabatini leo leo, wala usimwachie hata nakala.

Mkariakoo

Kwa dhamana ya nyumba ya urithi hata mimi nasema hapana. Lakini hoja ya dola naisimamia. Nani hapa anaweza kusema itashuka?

Mtu wa Korosho

Kusema kwa uhakika hakuna. Lakini niko Mtwara, nashughulika na korosho, na tunaijua dola kwa majira yake. Nusu ya pili ya mwaka ndiyo inaingia: watalii wa Julai mpaka Oktoba, kahawa, halafu Oktoba minada ya korosho inaanza na wanunuzi wa nje wanaleta fedha. Miezi ya mwanzo wa mwaka ndiyo inabana. Sababu kubwa za ukame huu tunazijua. Vita ya Ukraine ilipandisha mafuta na mbolea, tukalipa dola nyingi zaidi kwa mzigo ule ule. Marekani nao walipandisha riba kuanzia Machi 2022 hadi kufika asilimia 5.25 mpaka 5.5 Julai 2023, pesa za dunia zikakimbilia kwao. BoT walipandisha riba yao kutoka 5.5 hadi 6 Aprili mwaka huu ili kuisaidia shilingi.

Na angalia jirani. Januari mwaka huu dola moja Nairobi ilifika shilingi 160 za Kenya. Februari serikali yao ikauza hatifungani ya dola bilioni 1.5 nje, hofu ikapungua, mwisho wa Machi dola ikawa 130 na kitu. Aliyekopa Januari akajaza stoo kwa 160 alikuta jirani yake analeta mzigo ule ule kwa bei ya chini akiwa hajamaliza hata rejesho la tatu. Mkariakoo, faida ya waliovuta mwaka jana ni ya kweli. Ila walivuta kwa pesa yao. Aliyevuta kwa pesa yake dola ikishuka anaumia. Aliyevuta kwa mkopo anauzwa.

Mama Vikoba

Mwanangu, mimi nizungumzie nyumbani, maana huko wengi hawafiki. Pesa ya duka na pesa ya nyumba zinalala kwenye simu moja? Kama ndiyo, tenganisha kesho asubuhi. Lipa namba iwe ya duka, na wewe jilipe mshahara, hata kama ni mdogo, tarehe moja kila mwezi. Michango ya harusi na sherehe ikija, itoke kwenye mshahara wako. Ukimwambia mtu "mwaka huu nina mtoto wa kidato cha kwanza" anaelewa, asiyeelewa atazoea.

Hatifungani shangazi yako hajakosea, ni kitu kizuri, riba inakuja kila miezi sita na kima cha kuanzia ni milioni moja. Lakini ni pesa ya muda mrefu. Unaweza kuiuza sokoni kabla haijaiva, ila bei inategemea siku hiyo wanunuzi wanasemaje. Usiweke humo pesa ya ada ya Januari wala ya pango. Ada weka kwenye mfuko wa ukwasi wa UTT, ule wa uwekezaji wa pamoja, unaitoa ndani ya siku chache za kazi ukiihitaji, na haiko mkononi ukashawishika. Na ukiacha fremu ukawekeza mtaji wa milioni 11, yaani mzigo na taslimu, riba ya mwaka mzima haitafika hata kile mdogo wako anachoingiza kwa miezi mitatu. Piga hesabu na shangazi akiwepo, asione umempuuza.

Dada wa Makumbusho

Nimesoma kila neno, Mungu awabariki. Mkopo nimeukataa kwa simu jioni hii. Nimekaa na mdogo wangu tukahesabu mashine: 9 ni za kizazi cha 6 na 7. Nimeziandikia bei mpya na kumpigia mwenye kibanda cha kuchapa Mwenge, anachukua tatu. Pesa hiyo inakwenda kwenye betri, SSD na meza ya pili.

Mawili yamebaki. Madeni ya mali kauli nayadaije bila kugombana? Na mdogo wangu, tuendelee nusu kwa nusu?

Fundi Mkongwe

Mdogo wako kwanza. Mikono ni yake, fremu ni yako. Mpe 60 wewe 40, mwandikiane, na meza ya pili mtafute kijana wa VETA amfundishe, asilimia fulani ya kazi za huyo kijana iwe yake. Fundi mzuri asiyejua kesho yake anaondoka na wateja wake wote kwenye simu.

Mkariakoo

Madeni niachie mimi, nimekula chumvi nyingi kwenye mali kauli. Ile shule usiendelee kupiga simu kwa mhasibu. Nenda mwenyewe na barua yenye orodha ya mashine, namba zake, tarehe na risiti ya EFD, mpe mkuu wa shule, nakala kwa mmiliki, na upendekeze walipe kwa awamu tatu. Shule zinapokea ada Januari, kwa hiyo awamu kubwa ipange hapo, ndogo anza nayo Septemba ili deni liamke. Ile ofisi ya ushauri waambie utawafanyia matengenezo ya mashine zao zote kwa mkataba wa mwezi, malipo mbele, wakishafuta deni. Wanahitaji fundi kuliko wanavyohitaji kukukimbia.

Na mwenye fremu mwambie awamu ijayo utalipa miezi mitatu mitatu. Mpelekee pesa mkononi, mapema, wiki mbili kabla ya tarehe. Fremu tupu zimekuwa nyingi mtaani kwenu, atakubali.