Papa ametazama Harry Brown, sasa analala na panga

MtotoWaKatuba
Wapendwa, naomba mawazo yenu, hasa ninyi mnaoishi na wazazi.

Wiki mbili zilizopita wezi waliingia kwa jirani yetu hapa Katuba, Lubumbashi, saa nane za usiku. Walibeba televisheni, betri ya sola na magunia mawili ya unga, wakampiga mwenye nyumba kwa ubapa wa panga. Siku chache baadaye nikamwekea papa filamu ya 2009, Harry Brown, ya Michael Caine. Sikujua inahusu nini, nilijua tu mwigizaji ni mzee kama yeye.

Kumbe ni mjane wa London, askari wa majini wa zamani. Rafiki yake wa kucheza naye chesi anauawa na vijana wa kartiye, polisi hawafiki popote, mzee anaanza kuwawinda mwenyewe. Papa hakusema neno mpaka mwisho. Asubuhi nikasikia jiwe likisugua chuma: ameketi kizingitini, ananoa panga la shamba. Tangu hapo linalala chini ya mto wake.

Ana miaka 74. Alifanya kazi mgodini miaka 31, na kutoka mlangoni hadi geti la parsele husimama mara mbili kuvuta pumzi. Nikimsihi aliache, ananiuliza, "Yule mzee ana nini ambacho mimi sina?" Nakosa jibu, maana hata mimi nilimshangilia Harry. Nimwambie nini?

YayaWaKampemba
Mdogo wangu, mkumbushe Leonard, yule rafiki. Alichoka kutishwa, akaanza kutembea na singe ya zamani. Haikumsaidia. Tena mpelelezi anamweleza Harry kwamba kwa kuwa marehemu alikuwa na silaha, wauaji wanaweza kudai walijitetea. Sehemu hiyo iliniuma kuliko damu yote ya filamu ile.

Halafu kifua. Harry anamfukuza kijana kando ya mfereji, mapafu yanamshinda, anaanguka. Anakuja kuamkia hospitali. Papa yako nani atamwokota usiku?

FundiSimu243
Yaya, kwa heshima zote, tusimfanye mzee mtoto. Anaogopa kitu cha kweli. Filamu ile walipiga Heygate, majengo ya watu kweli kusini mwa London, ambayo baadaye yalibomolewa. Caine mwenyewe alikulia mitaa ya karibu, hakuigiza asichokijua. Mtu ukiita usiku kucha na hakuna anayekuja, utashika chochote kilicho karibu na mkono. Mimi ningemwachia panga, ila nifunge komeo la pili.

MamaWaNdosho
Naandika kutoka Goma. Kwetu mwaka fulani kijana alikamatwa usiku, watu wakapiga kelele "mwizi", wakammaliza kwa mawe. Kulipokucha mama mmoja akaja kumtafuta mwanawe aliyemtuma kununua dawa. Alimtambua kwa ndala, moja ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa buluu, aliishona yeye mwenyewe. Mpaka leo nikiona uzi ule sokoni nageuza uso.

Siku hizi kwenye avenyu yetu kila nyumba ina firimbi. Mmoja akipuliza, wote tunapuliza na kugonga masufuria, taa zinawashwa, lakini tumekubaliana hakuna anayevuka geti lake. Wezi wanakimbia. Mwanangu, giza halijui nani ni nani, na panga vilevile.

MtotoWaKatuba
Asanteni sana. Jana jioni nilimsomea papa majibu yote. Ya Leonard aliniomba nirudie. Kwa mama wa Goma alivua miwani, akakaa kimya.

Kisha akaniuliza, "Yule mwenye baa kwenye filamu, si ndiye alikuwa mjomba wa kiongozi wa wale vijana?" Nikasema ndiyo. Hapo akanitolea alichoficha wiki mbili: usiku ule wa wezi kwa jirani, kupitia ukutani, alitambua sauti moja. Ni kijana wa avenyu yetu. Papa ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akimshikilia kitini kwa nyuma.

Panga bado liko chini ya mto, sijaligusa. Leo saa kumi na moja tunakwenda naye kwa mama ya huyo kijana. Ni nyumba ya sita kutoka kwetu, tutatembea polepole.