Tupeane uzoefu: unyevu ndani ya taa za gari, Mtwara na Lindi

Wakuu, kaskazi ikikutana na mvua, asubuhi taa nyingi huku kwetu zina ukungu ndani. Kabla hujampa fundi hela, tofautisha. Ukungu mwepesi unaopotea taa zikiwaka dakika 20 hadi 30 si ubovu. Taa inapumua: ikipata moto hewa inatoka, ikipoa inavuta hewa ya nje pamoja na unyevu wake. Matone yanayotiririka au maji yaliyotuama chini ndiyo ubovu. Wenye ujuzi karibuni.

Fundi umeme, Mikindani
Anza nyuma, usianze na kioo. Kofia ya mpira inayofunika balbu ndiyo mkosaji mkubwa, hasa kwa waliofunga balbu za LED zenye feni ya kupoza nyuma: mpira hukatwa ili feni ipite, au huachwa kabisa. Halafu LED haitupi joto mbele kama balbu ya zamani ya halojeni ya wati 55, hivyo unyevu ukishaingia haukauki. Tafuta kofia ndefu inayoimeza feni yote.

Masasi
Mmesahau mpira wa kupumulia, ule mdogo uliopinda nyuma ya taa. Vumbi la barabara za Liwale na Nachingwea linauziba. Mpira huo ukizibika, taa ikipoa inavuta hewa kupitia ufa wowote, na maji yaliyo kwenye ufa huo yanafuata. Uchomoe, uoshe, ukauke, urudishe mdomo ukiangalia chini. Tafadhali msiuzibe kwa silikoni (ile gundi ya kuzibia).

Mgeni wa jukwaa, Ndanda
Nikitoboa tundu dogo chini maji yatoke, kuna ubaya?

Shangani, Mtwara mjini
Usitoboe, ndugu. Tairi linarusha maji na vumbi humohumo. Fanya hivi: chomoa waya wa hasi wa betri, fungua taa (nyingi ni bolti za spana namba 10, baadhi mpaka bampa lishuke), toa balbu na kofia zote. Iache kwenye jua la wastani, matundu yakiangalia chini, au tumia kikaushio cha nywele kwenye joto dogo. Usifute ndani kwa kitambaa. Ule mng'ao wa fedha unakwanguka na haurudi.

Ikishakauka, ziba matundu yote ubaki na moja, pulizia hewa kwa mdomo tu, huku umepaka povu la sabuni kwenye maungio ya kioo. Penye mapovu ndipo penye ufa. Safisha kwa spiriti, paka silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki inatoa mvuke wa asidi unaokula mng'ao na vituo vya umeme (vile vyuma vinavyogusana na balbu). Acha saa 24 kabla ya maji kuigusa. Balbu ya halojeni usiishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaipasua mapema.

Lindi mjini
Vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu vipya, vinasaidia siku chache, vikishashiba basi. Na visiguse balbu.

Sisi wa pwani tuangalie pia soketi ya balbu: ukiona ukijani kwenye vituo, chumvi imeshaingia, kusafisha kioo pekee hakutoshi. Kwenye kuosha gari, mwambie kijana asielekeze pampu ya presha kwenye maungio ya taa, na asimwagie maji baridi taa iliyotoka kuwaka safari nzima kutoka Mingoyo. Inapoa ghafla na kuyanyonya.