Rotax 912 ULS: propela ya mapanga mawili au matatu?

Mwana_Mtwapa: Salaam mafundi. Ndege ya kujiundia, viti viwili, gurudumu la mbele, injini ya Rotax 912 ULS ya nguvu za farasi 100. Kutoka katikati ya propela hadi chini ni sentimita 105, watu wawili wamekaa na tangi limejaa. Nimepata mbili: ya mapanga mawili, mbao, mita 1.83, na ya matatu, kaboni, mita 1.73. Naambiwa matatu yana nguvu zaidi. Kweli?

Spana17: La. Panga la ziada halizai farasi. Mawili marefu ndiyo huvuta vizuri zaidi, tena mepesi na bei nafuu. Ila hapo kipimo chako kimeshaamua: nusu ya 1.83 ni sentimita 91.5, zinabaki 13.5 hadi chini. Kanuni ya Marekani ya kabla ya 2017 kwa ndege ndogo za gurudumu la mbele ilikuwa inchi 7, karibu sentimita 18, na bado ni kipimo kizuri. Ya 1.73 inakuachia 18.5, yaani unapita kwa kucha. Toa upepo tairi la mbele, bana springi hadi mwisho, upime tena, ncha isiguse.

Kelele za ncha usijali. Giaboksi ya 2.43 inashusha mizunguko 5800 ya injini kwa dakika hadi 2387 ya propela, ncha ya ile ya 1.73 inakwenda mita 216 kwa sekunde.

Bin_Kusi: Naongeza. Mapanga mawili hutikisa ndege inapokata kona kwa nguvu, matatu hutulia. Lakini kabla hujalipa, muulize muuzaji ukinzani wa mzunguko (moment of inertia, yaani ugumu wa propela kuanza au kuacha kuzunguka). Kikomo cha Rotax 912 ni 6000 kg·cm². Ukikivuka, giaboksi ndiyo italiwa, hasa ukiwasha, ukizima na injini ikinguruma polepole.

Mwana_Mtwapa: Shukran. Pembe ya mapanga niweke digrii ngapi?

Spana17: Usinakili namba ya mtu. Anza na ya mtengenezaji, mapanga yote yasitofautiane zaidi ya nusu digrii. Zima swichi zote mbili za cheche, ng'oa plagi, zungusha kwa mkono ukilinganisha ncha na kigingi kilichosimikwa chini. Zungusha upande wa kazi tu! Kinyume unaingiza hewa kwenye oili.

Angani, ndege imelala sawa na mafuta yamefunguliwa yote, tafuta mizunguko ya injini kati ya 5500 na 5800. Haifiki 5200? Pembe imezidi, injini inalemewa. Inapita 5800? Ongeza pembe. Digrii moja hubadilisha mizunguko kama 200 hadi 300.

Bin_Kusi: Na atakayechukua ya mbao hapa Pwani: masika mbao huvimba, kaskazi hunywea na bolti zikalegea, kisha kitako husugua hadi mbao ikaungua. Kaza upya kwa spana ya kipimo kila msimu ukigeuka. Ukiegesha, iache imelala, si wima. Maji hushukia panga la chini ikapoteza mizani.