Tupeane uzoefu: mwenzako Mnepali kaelemewa na mawazo ugenini, unaanzia wapi?

mlinzi_doha:
Wakuu, Waswahili wengi huku Ghuba tunalala chumba kimoja na Wanepali, na wengine mnasoma nao Australia. Mwenzako akianza kukonda, usiku hapati usingizi, chakula hagusi, unafanya nini? Leteni hatua zinazofanya kazi. Naanza.

Kinepali kinatenganisha *man* na *dimag*. Man ni makao ya hisia, kumbukumbu na matamanio. Dimag ni akili inayofikiri na kumwongoza mtu. Man ikiumia, hiyo ni huzuni, kila mtu anaielewa. Ukisema dimag ina kasoro, anachosikia ni "kichaa", na aibu hiyo inafika mpaka nyumbani kwao. Ndiyo maana swali "una tatizo la akili?" linafunga mlango papo hapo. Muulize "Manma ke chha?", yaani moyoni kuna nini, kisha nyamaza. Hapo Kiswahili kinatubeba, maana "moyo" wetu unakaribiana sana na man. Mkubwa kwako mwite *dai*, mdogo *bhai*. Mwanamke ni *didi* au *bahini*.

nesi_wa_zamu:
Naongezea. Wengi hawaji na huzuni, wanakuja na mwili. "Gyastrik", yaani tumbo linawaka. Au "jhamjham", ganzi inayotembea mikononi na miguuni. Apimwe kweli, asidharauliwe. Tumbo na ganzi vina magonjwa yake. Ila anaporudi mara ya tatu kwa dawa ileile ya tumbo, uliza mambo manne: analala saa ngapi, anakula mara ngapi, tangu lini, na kama bado anafurahia alichokuwa anakipenda. Ikipita wiki 2 hali ni hiyohiyo karibu kila siku, aandikiwe rufaa.

Mkalimani asiwe msimamizi wake wala mtu wa kijiji chake. Mgonjwa akimwona tu mtu huyo, atasema ni tumbo.

hesabu_za_kambi:
Msisahau deni. Mkopo wa kulipia wakala aliyemtafutia kazi mara nyingi unatoka kwa mkopeshaji wa mtaani. Akikwambia "saikada tin", maana yake 3 kwa kila 100 kwa mwezi, sawa na asilimia 36 kwa mwaka. Rupia 200,000 zinazaa riba ya 6,000 kila mwezi kabla hajagusa mtaji. Mshahara ukichelewa miezi miwili, 12,000 zimeshaongezeka, na mkewe ndiye anayegongewa mlango. Kumwambia "usiwaze" ni kumwacha peke yake. Kaa naye na karatasi: mtaji, riba, tarehe, kiasi anachotuma. Deni lililoandikwa lina ukubwa unaojulikana. La kichwani linakua kila usiku.

Na saa. Nepal iko mbele ya Doha kwa saa 2 na dakika 45. Akitoka kazini saa mbili usiku, kwao ni saa tano kasorobo, watoto wamelala. Siku ya mapumziko apige asubuhi, awapate macho.

mshauri_wa_chuo:
Kwa wanafunzi wa Australia, kosa kubwa ni kuacha kuhudhuria kimya kimya kwa kuogopa kwamba ukimwona mshauri viza inaguswa. Mambo ni kinyume: kinachohatarisha viza ni kupotea darasani bila taarifa. Aende kwa daktari apate cheti, aombe chuo kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya, apate jibu la maandishi, ndipo apumzike. Mshauri wa chuo kwa kawaida ni bure.

Kiingereza kikimshinda, apige 131 450, huduma ya wakalimani kwa simu, aseme "Nepali", mkalimani akiingia aombe kuunganishwa na Lifeline, laini ya msaada kwa walioelemewa, 13 11 14.

Muwe macho zaidi wakati wa Dashain, sikukuu kubwa ya Wanepali, kati ya Septemba na Oktoba. Siku ya kumi wakubwa hupaka vijana tika, mchele uliochanganywa na mtindi na rangi nyekundu, kwenye paji la uso. Asiyekuwa na wa kumpaka anaihisi sana siku hiyo. Mchele na mtindi vinapatikana popote. Mtafuteni Mnepali mwenye umri mkubwa kuliko wote ampake.

mlinzi_doha:
Asanteni. La mwisho, na ni zito. Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake hata chooni asikawie, ondoa dawa na vitu vya hatari chumbani, mwingine apige simu ya dharura: Qatar 999, Australia 000.

Nepal kuna 1166, laini ya taifa ya kuzuia kujiua, lakini namba fupi kwa kawaida haipatikani ukiwa nje. Ndugu aliye Nepal aipige kwa simu moja, huku simu ya pili ikiwa na mgonjwa kwa WhatsApp, zote kwenye spika, zikiwa karibu. Sauti ikirudi mwangwi, mgonjwa avae visikizio.

Mwenye uzoefu wa Malaysia au Korea aendelee hapa.