Tupeane uzoefu: kutembea mashambani Uingereza kutazama ndege na wanyama

Wakuu, habari za wikendi. Wengi tulioko huku maisha ni kazini, dukani, kitandani. Mimi tangu nizijue njia za miguu za vijijini, siku ya mapumziko sikai ndani. Kwa wageni: kuna njia za umma zinazokatiza katikati ya shamba la mtu, na mwenye shamba hawezi kukufukuza ilimradi huachi njia. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu. Wa buluu, hata farasi na baiskeli ruksa. Kwenye ramani za Ordnance Survey zenye jalada la chungwa, njia hizo ni vistari vya kijani. Geti ukilikuta limefungwa, lifunge. Ng'ombe wenye ndama wapitie mbali, hasa ukiwa na mbwa. Haya, leteni visa: wapi, msimu gani, uliona nini?

Mwana wa Mkoani
Mimi Mpemba, naishi Norfolk. Nendeni Snettisham, ghuba ya Wash. Maji yakipwa, tope linaenda mpaka macho yanachoka, na ndege wa pwani wanatawanyika kula. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanajaa kupita kawaida na kufunika tope lote, hawana tena pa kusimama. Hapo ndipo wanaporuka, maelfu kwa maelfu, kuhamia kwenye madimbwi nyuma ya kingo za changarawe. Wengi ni vindege vya kijivu vya jamii ya vitwitwi. Wakigeukia huku kundi zima jeupe, wakigeukia kule jeusi, na mvumo wa mbawa unausikia kifuani. Wakitua wanabanana hadi changarawe haionekani, na wa nyuma wanaendelea kujipenyeza tu. Wenyeji wanabeba jedwali la maji. Mimi naangalia mwezi. Ukienda siku za maji mafu, yasiyojaa sana, utaambulia baridi.

Mama Nesi
Niko Reading, wala sihitaji kwenda mbali, mwewe wekundu nawaona kituo cha basi. Mkia una panda kama ya manati, wanauzungusha wakikata kona. England walikuwa wameuawa wakaisha tangu karne ya 19. Kati ya 1989 na 1994 wakaletwa wengine kutoka Hispania, wakaachiwa kwenye vilima vya Chilterns. Sasa wamejaa. Jirani anawarushia mabaki ya kuku uani! Nilikokulia Morogoro mwewe ni mwizi wa vifaranga, anafukuzwa kwa kelele na mawe. Hawa chakula chao kikubwa ni mizoga na minyoo. Mkipata nafasi pandeni Watlington Hill: wanapita chini yenu, mnaona mgongo badala ya tumbo.

mtu_wa_mto
Ndugu zangu, mimi ni mutu wa Kisangani. Mwezi wa tano nilikuwa Lakenheath Fen, Suffolk, kwenye matete, nikamsikia kekeo, yule anayetaga kwenye kiota cha mwenzie akamwachia malezi. Shirika la utafiti wa ndege, BTO, limekuwa likiwafunga vifaa vya setilaiti tangu 2011, na wakati wa baridi wanakutwa misitu ya Kongo. Wakubwa wanaanza kuondoka Juni. Waingereza wanamwita ndege wao, wakati huku anakaa miezi michache tu. Kesi hiyo naipeleka mahakamani.

Mama Nesi
😂 Na mbayuwayu je? Hao wanapita hadi Afrika Kusini.

Bwana Gambuti
Slimbridge, Gloucestershire, msimu wa baridi. Mabata maji weupe wanaotoka kaskazini ya Urusi. Peter Scott, aliyeanzisha hifadhi ile 1946, aligundua kila mmoja ana alama yake ya njano na nyeusi mdomoni, akawa anawachora mmoja mmoja. Nilibishana na mke wangu kwamba wote sawa. Kaa nao nusu saa na darubini, utaona.

Dada wa Leicester
Nauliza kitu kingine: mnaangaliwaje huko vijijini? Mimi nilikodolewa macho hadi nikatamani kurudi garini.

Bwana Gambuti
Wapo, dada, siwezi kukudanganya. Salimia wewe kwanza. Wengi wanaitika, na wazee wenye darubini ukiwauliza wameona nini leo hutawanyamazisha.

Dada wa Leicester
Nitajaribu. Mpemba, Snettisham inafikika bila gari?

Mwana wa Mkoani
Treni hadi King's Lynn, halafu basi la kuelekea Hunstanton linapita kijijini. Toka hapo ni mguu, tena si kidogo. Bamvua la huku hujaa alfajiri na jioni. Kwa alfajiri basi halitakuwahisha, kwa hiyo lala kijijini. Vaa soksi mbili.