Kawawa: kutoka chama cha wafanyakazi hadi bungeni

BintiRuvuma: Shikamooni wakubwa. Naandika habari za Mzee Rashidi Kawawa. Wengi wanamjua kama Simba wa Vita na Waziri Mkuu. Kwenye vyama vya wafanyakazi alifanya nini hasa?

KatibuTawi: Marahaba binti. Nimekuwa katibu wa tawi bandarini miaka mingi, na jambo hili naliona kila siku. Kawawa aliongoza kwanza chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Sheria haikuwaruhusu kujiunga na TANU, kwa hiyo chama kile kilikuwa pumzi yao. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, ilipoundwa mwaka 1955 akawa katibu mkuu wake wa kwanza, akaacha mshahara wa serikali. Mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Januari 1962, Nyerere alipong'atuka, akawa Waziri Mkuu.

Sasa andika na hili, usiliruke: mwaka huohuo serikali yake ikapitisha sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Shauri lipite kwanza kwa msuluhishi, kisha baraza la usuluhishi. Waziri wa Kazi alikuwa Kamaliza, naye katoka TFL! Namheshimu sana Mzee, lakini hapo wafanyakazi tuliumia.

Mpwa_wa_Reli: Mtazame na Kasanga Tumbo wa chama cha reli. Yeye alipinga, akapelekwa ubalozini London, akajiuzulu.

BintiRuvuma: Asanteni. TFL yenyewe iliishia wapi?

KatibuTawi: Ilivunjwa 1964 baada ya maasi ya wanajeshi, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu mkuu wake akateuliwa na Rais.