Naomba ushauri: konrodi za titani kwenye Altezza 3S-GE

Wakuu, heshima zenu. Nina Toyota Altezza ya gia za mkono, injini 3S-GE BEAMS, ile ambayo nguvu yake ya juu inapatikana karibu na mizunguko 7,600 kwa dakika. Mwezi uliopita beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti kuu ya injini) ya silinda ya tatu ilianza kugonga, na sasa injini iko chini, imefunguliwa yote. Nataka nikiifunga niweze kuivuta hadi 8,500 bila wasiwasi.

Ninachowaza ni konrodi za titani. Madini haya yana uzito wa karibu asilimia 60 tu ya chuma, na mzigo unaoivuta konrodi hukua kwa mraba wa mizunguko: kutoka 7,600 hadi 8,500 unaongezeka kama robo hivi. Honda waliziweka kwenye gari lao la michezo NSX tangu 1990, kwa hiyo barabarani zinafanya kazi.

Kinachonitisha ni tabia ya titani kung'ang'ania na kulika inaposuguana na krenki. Lazima ubavu wa konrodi uwe na koti gumu, na mkwaruzo mdogo tu unaweza kuzaa ufa. Tena hunyumbuka kuliko chuma.

Fundi wangu, mzee ninayemwamini sana, anasema ninunue za chuma cha kufuliwa zenye bolti imara, pesa inayobaki iende kwenye pampu ya oili na kubalansi krenki. Gari hili naliendesha kila siku, mbio ni mara chache.

Aliyewahi kufunga za titani: ubavuni uliacha nafasi kiasi gani? Ulizifungua kuzikagua baada ya muda gani?